Baba wa Ilkabir

Lul binti Siyad alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote wa Garissa, na nyingine ikabaki ya kusafirisha. Aliwadharau wauza maziwa wenzake kwa kuwa walitia maji kwenye maziwa ya ngamia, na akawadharau wanunuzi kwa kuwa waliyanywa hivyo hivyo wakilamba midomo. Aliwadharau maafisa wa kaunti kwa matumbo yao na vijana wa bodaboda kwa suruali zao. Kusonya kwake kulijulikana soko zima, mtu akisema upuuzi meza ya nne, anasikia "nsss!" na kujua Lul yupo kazini. Lakini mwaka huu kulikuwa na kitu kimoja kilichomkirihisha kuliko vyote, nacho kilikuwa ndani ya simu ya binti yake mwenyewe.

Ndani ya simu alikuwamo Ilkabir.

Wewe kama hukulelewa huku kwetu pengine humjui. Ilkabir ni yule mwanamke wa meno ya chuma anayekula watu. Hukaa peke yake kwenye kisima kilichoachwa, huyanoa meno yake kwenye jiwe la ukingoni, na msafiri mwenye kiu akisikia kwaru, kwaru, kwaru, basi huyo hafiki nyumbani. Lul alimpokea kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, kule Tarbaj, na hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kuchaji kitu ili amsimulie. Watoto walijibana kwenye magoti ya mama. Wengine walijikojolea. Hiyo ndiyo hadithi, wallahi, mtoto ajikojolee.

Na huyu wa kwenye simu je? Huyu alitengenezwa na Mustafe, mtoto wa jirani, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekwenda Nairobi kusomea kamera, akarudi na miwani ya jua ambayo haivui hata akiwa ndani ya nyumba. Alimchukua Ilkabir wa watu, akamkatakata vipande vya dakika kumi kumi, akavitia kwenye intaneti na muziki wa kudunda. Ilkabir wa Mustafe ana kope za bandia. Ana rangi ya mdomo. Meno yake ya chuma ni ile karatasi ya kung'aa ya kufungia kuku wa kuchoma. Akimkamata mtu, hamli. Anageuka kwanza kuitazama kamera. Na aliyevaa hiyo karatasi menoni alikuwa Filsan, binti wa pekee wa Lul.

"Hooyo, watu laki mbili wametazama," Filsan alimwambia mama yake.

"Watu laki mbili hawana kazi," Lul akajibu.

Hata hivyo hakumkataza, na sababu ilimuuma kuisema. Yale meno ya karatasi ndiyo yaliyoleta mchumba. Keynan, daktari wa mifugo kule Habaswein, alimwona Filsan kwenye kile kipindi, akacheka, akatafuta namba, na sasa mwaka mzima Filsan alikuwa anatabasamu na sufuria. Lul hakuwa na mtu mwingine duniani. Mumewe alishatangulia. Kaka hakuwahi kuwa naye, wala dada. Baba yake, Siyad, ambaye watu walimwita Siyad Gaab kwa ufupi wake, alichimba visima Tarbaj maisha yake yote na kuacha mtoto mmoja tu, tena mwanamke. Kwetu mtoto hukariri mababu wa upande wa baba, kwa hiyo Filsan alikariri wa kwa baba yake, kama ilivyo haki. Siyad Gaab hakuwa na wa kumkariri. Lul alikuwa amebakiwa na ombi moja, amwone Filsan ameolewa kwa heshima na mtu anayempenda, basi.

Wazee wa Habaswein walikuja kuposa siku ya Alhamisi. Filsan alipelekwa kwa majirani, maana msichana hakai kusikiliza akiombwa. Mzee Sugow, babu yake Keynan, mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu za hina, alikaa mkekani mbele ya baba mkubwa wa Filsan, kaka wa marehemu mumewe Lul, akanywa chai, akaweka bakora yake magotini, akakariri nasaba yake ili wenyeji wajue wanampa nani binti. Sugow wa Jelle, Jelle wa Gedow, Gedow wa Hirey, akapanda hivyo mpaka jina la kumi na tatu. Lul alikuwa nyuma ya pazia na birika mkononi. Aliyasikia yote, huku akipiga miayo. "Huyu mzee anawapanga marehemu kama anawapeleka mnadani," alijisemea, akasonya kimyakimya kwa ajili ya heshima. Posa ikakubaliwa. Harusi ikawekwa baada ya Idi.

Siku nne baadaye Mustafe akamfuata Lul sokoni, miwani usoni, simu mkononi tayari kuandika.

"Habaryar," alisema, maana vijana wa Garissa humwita kila mama wa makamo hivyo, mama mdogo, hata kama hawana udugu. "Watazamaji wanauliza Ilkabir alitoka wapi. Wanataka mwanzo wake. Baba yake nani, nani alimuumiza mpaka akawa vile."

"Nani alimuumiza?"

"Siku hizi zimwi lazima liwe na sababu, habaryar. Watu wanataka kulihurumia."

Lul alicheka mpaka akamwaga maziwa. "Mtu anayekula watu humhurumii, Mustafe. Unamkimbia! Na baba hana. Nisikilize, maana huko Nairobi walikufundisha kushika kamera na wakasahau kichwa. Angekuwa na baba, angekuwa na ndugu. Angekuwa na ndugu, angekuwa na ngamia. Angekuwa na ngamia, angekunywa maziwa kama binadamu, asingemla mtu. Hadithi yote ni hiyo. Bibi zetu walimnyima baba kwa makusudi. Siku utakayompa baba, umemmaliza."

Mustafe alijikuna shingo. "Lakini msafiri atamwuliza, wewe binti ya nani? Yeye ajibu kwa sauti nzito, majina matatu. Itapendeza sana."

"Itapendeza!" Lul aliwageukia wenzake wa meza za jirani ili nao wausikie ujinga huo. "Mnamsikia? Haya, mpe. Mpe yeyote. Binti ya Jelle, wa Gedow, wa Hirey! Umeridhika? Andika, andika. Mpe na shangazi, mpe na shamba la tikiti maji kando ya mto. Ondoka hapa unafukuza wateja."

Mustafe akaandika, akashukuru, akaondoka. Mtu yeyote wa huku anajua kwamba ukitaja majina matatu ya Kisomali kwa mfuatano, lazima kuna mzee mahali atakohoa na kudai ni yake. Mustafe alijua, lakini alidhani mama mwenye hadithi ndiye mwenye majina. Lul naye alijua kuliko Mustafe, ila hakujisumbua kujiuliza majina yale yalimjiaje mdomoni, laini hivyo, bila kutafuta. Alikuwa amejaa dharau, na mtu akijaa dharau hana pa kuweka kitu kingine.

Kipindi kikatoka. Filsan alimletea mama yake simu, na Lul akakitazama chote akilaani. Alilaani karatasi. Alilaani kope. Alimlaani msafiri, ambaye alikuwa amevaa viatu vya mpira wa kikapu. Ilkabir alipojitambulisha kwa sauti nzito, Lul alitikisa kichwa kwa kiburi kidogo na kusema, "Hata hicho kipande kinachosikika ni mimi niliyempa." Baada ya siku mbili watoto walikuwa wanacheza mchezo huo vichochoroni. Mmoja anasimama juu ya jiwe, wenzake wanamwuliza, "Wewe binti ya nani?" na yeye anaunguruma, "Ya Jelle, wa Gedow, wa Hirey!" na wote wanatawanyika wakipiga kelele. Lul aliwapita na ndoo zake, pua juu.

Siku ya tano, Filsan alitoka chumbani midomo imemkauka.

"Hooyo, Keynan amepiga. Babu yake amesema hakuna ndoa."

"Amesema nini?"

"Amesema hakuna ndoa. Wanakuja Jumamosi kusema mbele ya watu." Filsan akakaa chini palepale mlangoni, akaanza kulia bila sauti, na kilio cha namna hiyo Lul hakuwahi kukivumilia tangu mtoto yule yuko mchanga.

Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri Mzee Sugow aliingia na wazee wawili. Aliletewa chai. Akaisukuma kando kwa kidole. Hapo kila mtu chumbani alielewa uzito wa jambo, maana mgeni anayeikataa chai ya nyumba hakuja kama mgeni. Mara hii alitaka Filsan awepo, na Mustafe pia. Lul alikaa tena nyuma ya pazia, akichungulia.

"Mimi nina miaka sabini na minane," alisema Mzee Sugow. "Malori yanasimama Habaswein mchana kutwa. Tangu wiki hii, utingo wa malori wananisalimia wakiwa juu ya mizigo. Wananiuliza, mzee, dada yako hajambo? Ameshakula leo?"

Mmoja wa wazee aliokuja nao akakohoa. Mzee Sugow hakumtazama.

"Niliomba nionyeshwe kwenye simu. Nikamsikia huyu binti, ambaye nilikuja kumposa kwa mdomo wangu huu, akisema mla watu ni binti ya Jelle wa Gedow wa Hirey. Jelle wa Gedow wa Hirey ni baba yangu. Na baba yangu alikuwa na binti mmoja kweli. Aliitwa Abshiro. Mwaka wa ukame nilimbeba mgongoni siku mbili tukitafuta kisima. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, yeye mitano. Tulipofika kwenye maji nikamwambia shuka unywe, hakushuka. Mpaka leo sijui alikufa njiani saa ngapi. Sasa mmempa meno, mmemweka hapohapo kisimani, mnacheka."

Nyuma ya pazia Lul alikuwa ameshika birika. Jelle wa Gedow wa Hirey. Aliyasikia sasa kwa sauti ileile, kutoka mkeka uleule, na akakumbuka miayo yake. Ya Rabbi!

"Nani aliyatoa majina hayo?" aliuliza Mzee Sugow.

"Ni mimi, awoowe," alisema Mustafe, akimwita babu. "Niliyabuni tu. Nisamehe."

"Uliyabuni."

"Ndiyo."

"Matatu, na yakajipanga yenyewe, baba, babu, na babu mkuu? Mimi si mtoto, kijana. Huwezi kuyabuni. Yamesikika humu ndani, siku ile nilipoyakariri, na mtu wa nyumba hii akayatoa nje kuyachezea." Akamgeukia Filsan. "Tulikuja kwa heshima, binti yangu. Kama ulitaka kutucheka, ungesema humtaki."

"Sikuwepo, awoowe! Wallahi nilikuwa kwa majirani. Mimi nilipewa karatasi nikasoma."

"Kila anayekamatwa husema alisoma karatasi," alisema mzee, na baba mkubwa wa Filsan akainamisha kichwa.

Mustafe akavua miwani. Kwa mara ya kwanza Lul aliyaona macho yake tangu arudi kutoka Nairobi, na yalikuwa madogo, mekundu, ya mtoto aliyeogopa. "Ni mimi," alirudia. "Filsan hana kosa. Mnipige mimi." Hakutazama kwenye pazia. Ilimtosha kuinua kidole tu, na hakukiinua. Kijana bure kabisa, kichwa maji, aliyeshindwa hata kutengeneza meno, alikuwa anajitwisha mzigo wa mama wa watu mbele ya wazee, na mama wa watu amekaa na birika.

Lul alijichukia. Tuseme ukweli, hakuwa na uzoefu wa jambo hilo. Alizoea kuwachukia wengine. Akasukuma pazia, akaingia katikati ya wanaume, jambo ambalo hafanyi mwanamke mwenye adabu, akaweka birika chini.

"Adeer Sugow," alisema, akimwita baba mdogo kwa heshima, "mwache mtoto. Mwache na huyu mwongo mwenye miwani. Ni mdomo wangu. Nilikuwa nyuma ya hilo pazia ukikariri, na nilikuwa napiga miayo. Nilikuona unajisifu kwa wafu. Mustafe aliponiuliza baba wa Ilkabir, nilitaka kumkejeli, nikatupa majina yaliyonijia, na yaliyonijia yalikuwa yako. Sikukusudia kukutusi, wallahi. Lakini pia sikukuheshimu kiasi cha kukumbuka kwamba ni yako. Sijui lipi ni baya zaidi."

Filsan alimtazama mama yake mdomo wazi.

"La pili," alisema Mzee Sugow. "La pili ndilo baya zaidi."

"Tutakifuta kile kipindi leo," alisema Mustafe haraka.

"Utafuta na vinywa vya watoto?" mzee akamwuliza. "Wameshalikariri jina. Wataenda nalo Wajir, wataenda nalo Mandera, watakuwa wazee nalo. Mla watu sasa ana baba, na baba huyo ni wangu. Ataondokaje?"

"Apewe mwingine," alisema Mustafe, sauti ndogo. "Kipindi kijacho ionekane alidanganya. Ajulikane baba yake wa kweli. Watoto watashika jipya, siku zote hushika jipya."

Halikuwa wazo la kijinga. Lul alikasirika kidogo kwamba halikuwa la kijinga. Lakini baba gani? Kila mzee chumbani alitazama mkeka. Mwenye wana hawezi, wana watakuja juu. Mwenye ndugu hawezi. Nani atoe baba yake apewe mla watu, utingo waulize kama ameshakula?

"Mpeni wangu," alisema Lul.

"Hooyo!"

"Nyamaza, Filsan. Siyad Gaab, mchimba visima wa Tarbaj. Hana mwana, hana mjukuu wa kumkariri, hana wa kukohoa ila mimi. Sitataja babu, babu ana watu wake. Siyad Gaab peke yake, jina la ufupi wake, hakuna mwingine aliyeitwa hivyo. Ilkabir awe dada yangu mimi. Nimezoea kuchukiwa sokoni, hawataniongezea kitu."

Mzee Sugow alimgeukia. "Umetoa baba yako?"

"Nimetoa."

Mzee akaizungusha bakora mkononi. Kisha akanyoosha mkono, akavuta kikombe alichokisukuma, akagusa pembeni. "Hii imepoa," alisema. Filsan aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto akaenda kuleta nyingine.

Walirekodi Jumatano asubuhi, nje ya mji, kando ya barabara ya Wajir, kwenye shimo la zamani la kuchimba kokoto ambalo Mustafe alilitangaza kuwa kisima. Lul alikuja na kibuyu chake na kikombe, akakataa kupakwa poda, akakataa kusimama alipoambiwa, akamwuliza mpiga picha kama mama yake anajua anakojishughulisha. Filsan alikuwa ukingoni na karatasi yake menoni. Lul aliitazama ile karatasi, akataka kusonya, na akaacha.

Alimkabili zimwi. Hakuwa ameandikiwa neno lolote.

"Umedanganya watu," alisema. "Wewe si binti ya Jelle. Binti ya Jelle alikuwa mtoto mwema, alikufa kwa kiu, Mungu amrehemu. Wewe ni binti ya Siyad Gaab, mchimba visima wa Tarbaj, mtu mfupi, aliyechimba maji wengine wakayaita kwa majina yao. Hakukuambia kwa sababu hakuwa na mtu wa kumtuma. Mimi ni dada yako. Toa hayo machuma, unywe."

Akammiminia maziwa. Filsan alipaswa kunguruma, lakini hakunguruma. Alikunywa, na karatasi ikang'oka ikaelea kikombeni, na yeye akalia kwelikweli, kope moja ya bandia ikamshuka shavuni. Mustafe hakusema kata ili kamera izimwe. Alisahau.

Baadaye alimfuata Lul hadi kwenye gari. "Habaryar, ni nzuri mno. Lakini sasa ana ndugu. Ana maziwa. Hawezi kumla mtu tena. Msimu wa pili nitafanya nini?"

"Si nilikwambia ukimpa baba umemmaliza?" Lul akamjibu. "Mpumbavu wee! Katafute zimwi lako mwenyewe." Kisha akaongeza, bila kumtazama, "Njoo kesho. Yapo mengine mawili, mabaya zaidi. Na uache hiyo miwani nyumbani."

Harusi ilifanyika baada ya Idi kama ilivyopangwa. Mzee Sugow alikuja, akala, na akakariri majina yake kumi na matatu, na Lul akayasikiliza yote bila kufumba jicho.

Asubuhi ya wiki iliyofuata, kipindi kipya kikiwa kimetoka, Lul alikuwa sokoni, mpweke, nyumba yake tupu, akiwadharau wateja kwa mazoea tu. Binti mdogo wa Ruweyda, muuza nyanya, alikuwa amepanda juu ya kreti tupu na wenzake wamemzunguka.

"Wewe binti ya nani?" walimwuliza.

"Ya Siyad Gaab, mchima fisima wa Tarbaj!" aliunguruma yule mtoto, na wote wakatawanyika wakipiga kelele.

Lul aliuweka mtungi chini. Miaka thelathini na minne tangu baba yake afariki, hakuwahi kumsikia mtu mwingine akilitaja jina lile. Akajifanya anapangusa meza. Mtoto alipoona anatazamwa, akashuka kwenye kreti kwa woga, maana alijua yule ni dada yake zimwi.

"Rudi hapo juu," Lul alimwambia. "Umelivuruga. Ni mchimba visima. Anza tena, polepole, nisikie."

Mtoto akapanda tena, akaanza.